Fisire (ufa) ku tanki ya kompresere ao ku siterne: soma dalili, tafuta sababu, hesabu mbele ya kusude (kuchomelea)

Swali yenye inakuja kila wiki ni moja tu: "Fisire iko sentimita 6, nisude ao nitupe?" Na mi kila mara najibu na swali ingine, rayo ya tanki (nusu ya kipenyo) ngapi, unene wa tole (bamba la chuma) ngapi. Batu banakasirika kidogo, banaona kama najifanya mutu wa masomo. Lakini njo fasi kila kitu kinaanzia, juu ufa wa sentimita 6 ku tole tambarare haiko sawa na ufa wa sentimita 6 ku tole yenye imekunjwa mviringo, na uleule ufa ku kompresere ya mutu wa vulkanize kule Katuba, hapa Lubumbashi, haiko hatari moja na ku siterne ya mazutu yenye inapanda Kolwezi.

Angaria vile inaenda. Mu tanki hewa inasukuma tole inje, na kitu pekee chenye kinazuia ile tole isiruke ni mkazo wenye unazunguka tanki kama mukaba. Ukikata ule mukaba kwa urefu wa tanki, midomo ya ufa inabaki bila mutu wa kuishika, inabenuka inje. Ni kama shati ya baba mwenye kitambi, kifungo kimoja kikitoka, pale pa kifungo panajifungua mudomo na vifungo vya juu na chini njo vinaanza kuumia. Ku tole tambarare yenye inavutwa, ile kubenuka haiko. Ku mviringo iko, na inazidisha mkazo ku ncha mbili za ufa.

Ile hesabu, mutafiti mumoja jina Folias aliitoa mu miaka ya 1960 na haiko ngumu. Chukua nusu ya urefu wa ufa, iite a. Zidisha a kwa a, gawanya na rayo mara unene, zidisha na 1.61, ongeza 1, kisha chukua kipeuo cha pili, ile rasini kare ya masomo. Unachopata, iite M, njo mara ngapi ufa wako uko mubaya kupita ufa wa tole tambarare. Hii ni ya ufa wenye umepita unene yote na wenye umelala kwa urefu wa tanki.

Tufanye na tanki ya kawaida ya garaje: kipenyo milimita 500, kwa hiyo rayo 250, tole milimita 4, presio bari 8. Mkazo wa kuzunguka ni presio mara rayo gawanya na unene: bari 8 ni megapaskali 0.8, kwa hiyo 0.8 mara 250 gawanya na 4, ni megapaskali 50. Mkazo wa kwenda kwa urefu ni nusu yake, 25. Rayo mara unene ni 1000, kipeuo chake karibu milimita 32, na hii 32 njo kipimo chenye nataka ukishike mu kichwa kupita sentimita. Ufa wa milimita 20 nusu yake ni 10, iko mbali chini ya 32, M inatoka 1.08, karibu kama tambarare. Ufa wa milimita 60 nusu yake ni 30, umefika ku kipimo, M ni 1.57. Ufa wa milimita 100, M ni 2.24. Sasa siterne ya rayo milimita 1000 na tole ya 5, kipimo chake ni karibu 71, ule ufa wa 60 unatoa M ya 1.14 tu. Umeona? Ufa mumoja, tanki mbili, majibu mbili.

Mbele ya kuendelea, toa presio. Yote. Sisemi fungua robine kidogo, nasema manometa ku ziro na bushoni ya chini imefunguliwa, juu manometa za kwetu nyingi zilikufaka zamani, sindano inabakia fasi moja kama saa ya ukuta. Tanki ya litre 200 ku bari 8 imeshika nguvu kama kilojule 210, ni kama umenyanyua gari ya tani moja mpaka mita 21 na unaiachilia. Mutu mwenye anagonga fisire na nyundo saa tanki imejaa hewa, simuiti fundi.

"Inalia psss lakini ufa siuoni"

Kwanza uhakikishe ni ufa. Mara nyingi haiko ufa, ni katundu ka kutu kule chini, fasi maji inalala. Hapa kwetu saa ya mvua, kuanzia Novemba mpaka Marsi, hewa inajaa unyevu na kompresere inaimeza yote, inageuka maji mu tanki, na batu bengi habatoshe ile maji ata siku moja kwa mwezi. Povu ya sabuni itakuonyesha fasi. Kama povu inatoka ku nukta moja moja kule tumboni chini, ni kutu, na shida yako haiko lile tundu, shida ni kwamba tole yote ya pembeni imeisha unene.

Kama unafikiri ni ufa lakini jicho haione, kuko njia ya bazee: safisha inje, paka chokaa iliyoyeyushwa na maji, acha ikauke, kisha ndani (kama unaweza kuingiza mukono ao burashi) paka petrole ya taa. Subiria nusu saa ao zaidi. Petrole inapenya ufa na inachora mustari ya kijivu ku chokaa nyeupe. Kuko pia ile rangi nyekundu ya kopo yenye batu ba migodi banatumia, iko nzuri kupita na inaona ata ufa wenye haujapita, ukiipata itumie. Kitu kimoja: usisafishe na meleze (mashine ya kusaga chuma). Meleze inapaka chuma juu ya ufa, inaziba mudomo, kisha unasema "ah, haiko kitu". Tumia burashi ya nyaya ao karatasi ya msasa na mukono, na uangarie ncha na lupe, juu ncha ya kweli iko mbele kidogo ya fasi jicho linaishia.

"Ufa umelala kwa urefu wa tanki"

Huu njo mubaya. Mkazo wa kuzunguka ni mara mbili ya ule mwingine, na ufa wa urefu unasimama mbele yake wazi, na tena njo wenye unabenuka. Sababu zake tatu ninazoona.

Ya kwanza, tole imeisha unene ku mustari ya maji chini. Hapa hesabu inatisha na ifanye wewe mwenyewe. Chukua ufa wenye uko bado ndani, haujatoka inje, urefu milimita 60. Siku moja utapita unene. Swali ni hii: ukipita, utavuja tu na kusimama, ao utakimbia na kufungua tanki yote? Kwa kipimo cha haraka, zidisha mkazo na M, linganisha na nguvu ya chuma ya kawaida yenye inaanza kulegea ku megapaskali 235. Tole ya 4: 50 mara 1.57, ni 78, iko mbali, itavuja, utasikia, utakuwa na wakati wa kuzima. Tole yenye imebaki 2: mkazo umekuwa 100, na M nayo imepanda 1.97 juu unene uko pia ndani ya M, jibu 197. Tole ya 1.5: mkazo 133, M 2.2, jibu 294. Imepita. Ile haivuje, inapasuka. Unene umeshuka kutoka 4 mpaka 1.5, haijafika ata mara tatu, lakini hatari imepanda karibu mara nne. Njo maana nauliza unene kwanza. Kifaa cha kupima unene na ultrasoni kiko kwa batu ba kontroli benye banatumika ku migodi, na mara nyingi mutu anakupimia bila maneno mingi ukimpelekea tanki.

Ya pili, sudire ya urefu ilifungwa vibaya, tole mbili haziko sawa, moja iko juu ya ingine. Ule mutelemuko unaleta mkunjo. Kipimo chake ni mara tatu ya mutelemuko gawanya na unene: milimita 1 ku tole ya 4 inaongeza mkazo kwa asilimia 75. Milimita moja! Pitisha ukucha wako ku sudire, utaisikia. Tanki zenye zinatengenezwa ku karakana za pembeni ya barabara kutoka ku bomba za zamani njo zinaonewa na hii.

Ya tatu, mutu alifunga supapi ya usalama juu ilikuwa inamsumbua kwa kupiga kelele. Hii haina hesabu. Supapi kwanza, kisha urudi kusoma.

"Ufa unazunguka tanki"

Presio peke yake kwa kawaida haileti huu, juu mkazo wenye unaufungua ni 25 tu mu mufano wetu, na ufa wa kuzunguka unabenuka kidogo sana kupita wa urefu. Kwa hiyo ukiuona, usiishie ku presio, tafuta mwizi mwingine. Karibu kila mara yuko fasi mwili wa tanki unakutana na kifuniko. Mwili unataka kupanuka kwa kiasi chake, kifuniko nacho kiasi chake, banabishana pale pa kuungana, na tole inakunjwa. Ule mkunjo hauendi mbali, unakufa kama mara mbili na nusu ya kile kipimo chetu, 32 mara 2.5, yaani milimita 80. Hii namba ni ya kutumika: usiweke sudire ingine, ao tundu, ao kiraka ndani ya zile sentimita 8 kutoka ku kifuniko, utajiletea mikazo miwili ikikaa juu ya ingine. Na kifuniko tambarare, ile ya kukata tole ya duara na kusude tu, ku tanki ya hewa usikubali, ata kama yaya yako njo alisude.

"Ufa unaanzia ku muguu, ao ku kile kiti cha motere"

Hii njo ya kwanza kwa wingi, nimeiacha mpaka hapa, juu iko rahisi. Motere na kichwa cha kompresere vinakaa juu ya tanki, vinatetemeka siku yote, na kile kiti kimesudiwa moja kwa moja ku tole nyembamba. Ufa unaanza ku kona ya ile sudire, unaenda pembeni yake kama ukucha wa mwezi, kisha unageuka na kukimbia mu tole. Ule mugeuko angaria muzuri: kama umegeuka na kufuata urefu wa tanki, basi sasa presio njo inauendesha, haiko tena mtetemeko, na umeingia mu ile dalili mubaya ya ufa wa urefu.

Dawa haiko kusude muguu tena na bagete kubwa zaidi. Kata muguu, weka sahani ya pembeni yenye kona za mviringo katikati ya muguu na tanki, unene karibu sawa na tole ya tanki, ili muzigo uenee. Na uangarie boloti za chini: kompresere yenye imefungwa kwa nguvu ku simenti yenye haiko sawa, muguu moja unavutwa kila siku bila mutu kujua. Kapira chini ya kila muguu inasaidia kupita sudire tatu. Mi nilihangaika na moja miezi mine, nasude, inarudi, nasude, inarudi, kumbe muguu wa nne haukuwa unagusa chini.

"Nimesude, kisha mwezi moja imerudi pembeni"

Sababu zinafanana kila fasi. Ulisude juu ya ufa bila kuutoa wote, ufa uko ndani unakucheka. Ao ulitoboa tundu ya kusimamisha ufa lakini uliitoboa ku fasi jicho iliona ncha, na ncha ya kweli ilikuwa mbele, kwa hiyo ulitoboa katikati ya ufa. Tundu inapashwa kuwa mbele ya ncha na kuikula. Na ata tundu ya muzuri haiko bure: ku tanki ya mviringo yenye presio, pembeni ya tundu ya duara mkazo unapanda mara 2.5. Ku tole tambarare yenye inavutwa upande moja ni mara 3, ku mviringo ule mkazo wa upande mwingine unasaidia kidogo. Kwa hiyo 50 inakuwa 125. Iko muzuri kupita ncha kali, lakini si kwamba umepona. Na tundu ya kusimamisha bila kuiziba, ku tanki ya hewa, ni wazi haina maana, ile ni kazi ya tole za gari na beni.

Ao uliweka kiraka juu juu. Kiraka cha kubandika hakiko mu mustari moja na tole, mkazo unapita kwa kona, unakunja, na ufa mupya unazaliwa ku mudomo wa sudire ya kiraka. Kama inapashwa kiraka, kata fasi ya ufa yote, weka kipande cha unene uleule, kilekile kikunjo, kona za mviringo, sudire ya kichwa kwa kichwa yenye imepenya mpaka ndani. Na sudire yenyewe ikipoa inajivuta, inaacha mkazo mu chuma wenye unaweza kufika karibu ku ile 235 bila presio ata kidogo. Njo maana ufa unarudi "pembeni" na si palepale.

Sasa mawazo yangu, na batu watakasirika: tanki ya hewa yenye imetoa ufa kwa uchovu wa chuma (presio kupanda na kushuka mara nyingi), ao yenye tole imeisha, mi sisude. Naikata mbele ya mwenyewe, inakuwa mabasini ya kulisha nguruwe. Siterne ya maji ao ya mazutu bila presio, ndiyo, tunasude (mazutu, uioshe na uijaze maji ao mvuke kwanza, tunazika batu kila mara juu ya ile). Uchovu hauzai ufa mumoja tu. Ulichoona ni mukubwa wa familia, badogo bako nyuma.

"Si ufa moja, ni tufisire tudogo tudogo ku mustari"

Usizihesabu moja moja. Nyufa ndogo zenye zinapangana, ku mustari ya ribiti ao pembeni ya sudire, zinasaidiana, na siku moja zinashikana mikono kwa mara moja. Tarehe 28 Aprili 1988, ndege Boeing 737 ya Aloha Airlines kule Hawaii ilipoteza kipande kikubwa cha paa yake hewani juu ya ile, kisha safari zaidi ya 89,000 za kupanda na kushuka presio. Mwili wa ndege nayo ni tanki ya hewa, tole nyembamba ya mviringo. Rubani alitua, mufanyakazi mumoja wa ndani akakufa. Kama unaziona zimepangana, chukua urefu kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, uite ule ufa moja, kisha weka mu hesabu ya M. Ikikutisha, imekuambia kweli.

"Tole imeingia ndani, na ufa uko ku ukingo wa ile shimo"

Siterne mara nyingi. Iligongwa, ao iliosheshwa na maji ya moto, ikafungwa, ikapoa, ikajinyonya. Mviringo ina nguvu ya ajabu kwa kusukumwa kutoka ndani lakini kwa kunyonywa haina nguvu. Siterne ya rayo mita 1, tole 4, urefu mita 6, ku hesabu inakunjamana na tofauti ya presio kama bari 0.3, na ya kweli yenye tayari ina makovu inakubali chini ya hapo. Ukiigonga ili irudi inje, ule ukingo unakunjwa mara ya pili upande mwingine na ufa unatokea. Usiigonge baridi mu asubuhi ya Juni, fasi hapa inashuka mpaka watu banavaa kabuti. Chuma ya zamani ikiwa baridi inaweza kuvunjika kama sahani, haijikunje.

Hii kipande ni ya ba dogo ba polytechnique, benye banafanya hesabu ku kompita

Juu nimepokea maswali mingi ya memware (kazi ya kumaliza masomo), na makosa ni yaleyale, nayo ina dalili na sababu kama tanki.

Mkazo ku ncha unapanda kila ukipunguza meshi (vile vipande vidogo vyenye kompita inagawanya tole), leo 400, kesho 900, kesho kutwa 2000. Haiko kosa ya programu, ncha ya ufa mu hesabu ya elastiki haina mwisho, mkazo unapanda kwa moja gawanya na kipeuo cha umbali. Usiandike ile namba mu memware, profesa atacheka. Andika K (kipimo cha ukali wa mkazo ku ncha ya ufa), ao J (nguvu yenye inatoka ufa ukisonga) kisha ugeuze, zile zinatulia. Kama unatumia elementi za mpangilio wa pili, sogeza nodi ya katikati ku robo kutoka ku ncha, kazi inarahisika.

K yako imetoka sawa kabisa na ya tole tambarare. Angalia mipaka. Ukitumia nusu ya modeli kwa simetria, ku mustari mbele ya ncha unafunga kusogea na kuzunguka, lakini ku midomo ya ufa hufungi kitu, ata kuzunguka. Dogo mumoja alifunga kuzunguka ku mustari yote, midomo haikubenuka ata kidogo, na akaandika kurasa mbili kueleza kwa nini Folias alikosea.

K iko kubwa mara 31.6 hivi. Ulitumika na milimita na megapaskali, kisha ukalinganisha na namba za kitabu zenye ziko ku mita. Gawanya na kipeuo cha 1000. (Ndiyo, ni ile 32 ya tanki yetu, lakini ni bahati tu, usichanganye.) Kwa kuhakikisha: tanki yetu, ufa 60, mkazo 50, kipeuo cha pi mara 0.03 ni 0.307, mara M 1.57, unapata karibu 24 ku mita. Kama kompita inakupa kati ya 22 na 26, endelea.

Upande wa ndani na wa inje K haziko sawa. Iko sawa vile, ni mkunjo juu ya kubenuka. Ya katikati ya tole njo unalinganisha na M. Lakini ufa wa kweli haisomi wastani, ku upande wenye K kubwa njo utatembea mbele, ndiyo maana ukikata tole mbele ya ncha unakuta imechongoka.

Ulisahau nguvu ya vifuniko. Ku ufa wa urefu haionekane sana, ku ufa wa kuzunguka njo kila kitu, juu bila vifuniko haina kitu cha kuufungua. Presio ndani ya midomo ya ufa, iache, ku tole nyembamba ni sehemu ndogo, unene gawanya na rayo, kwetu asilimia 1.6.

K inakuwa chini ya Folias saa unawasha mabadiliko makubwa ya umbo. Hii si kosa. Folias alihesabu kama vile kubenuka ni kudogo sana, lakini midomo ikibenuka kwa kweli inaanza kujishika kama turubai, inapunguza. Ku tanki nene ya garaje tofauti ni ndogo, ku tole nyembamba sana kama ya ndege inakuwa kubwa. Andika ulitumia ipi. Na Code_Aster, programu ya hii hesabu, ni bure, iko kwa Kifaransa, sioni sababu ya kutumika na programu ya wizi yenye inakufa katikati ya usiku.

Mwisho, uchovu. Kompresere inapanda na kushuka kati ya bari 6 na 8, tofauti ni 2, robo ya presio yote, kwa hiyo robo ya K: 24 inakuwa 6. Kizingiti chenye ufa unaanza kutembea ku chuma ya kawaida kiko kati ya 2 na 6 hivi, kinashuka saa presio haishuki mpaka ziro. Umeshapita. Na mwendo wa ufa unaenda kwa K mara K mara K, ukizidisha K kwa mbili, ufa unatembea mara nane haraka. Kwa hiyo mutu mwenye anakuambia "iko hivyo tangu mwaka jana, haisongi", muombe alama ya pointo ku ncha na tarehe, na urudi kisha wiki mbili.

Kuijaribu

Na maji. Si na hewa, ata kama una haraka, ata kama mwenyewe yuko pembeni anaangaria saa. Mu 1954, saa ndege Comet mbili zilikuwa zimeanguka ku bahari ya Italia, Waingereza bakachukua mwili wa ndege nzima, baka­uingiza mu bwawa la maji kule Farnborough, bakaujaza maji, bakautia presio na kuitoa tena na tena, mpaka ukapasuka kisha mizunguko kama 3,000 (ukihesabu pia safari zake za kweli za angani), ukianzia ku kona ya dirisha. Kwa hewa ingelipuka na hawangeona ufa ulianzia wapi. Kwa maji ile tanki yetu ya litre 200 ku bari 12 imeshika kama jule 65 peke yake, kwa hewa ku bari 8 ni 210,000.

Jaza mpaka maji itoke juu, hewa isibakie ata kidogo, ile hewa kidogo njo inarudisha hatari. Pampu ya mukono inatosha. Panda polepole mpaka mara 1.5 ya presio ya kazi, kwa bari 8 ni 12, subiria dakika 30, shuka ku bari 8, kisha njo ukaribie na kuangaria sudire na chokaa. Manometa mbili, si moja. Kama sindano inashuka na hauone maji fasi, angaria chini ya miguu, chini ya ile sahani.

Kisha toa maji yote na uikaushe siku ileile, juu ukiiacha na maji ndani usiku moja mu Januari, kesho tunaanza tena ku dalili ya kwanza.